Naombeni ushauri: nifanyeje taarifa za jengo ziwafikie wakazi wote? (Dodoma)

Katibu_Ilazo (mleta uzi)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni katibu wa umoja wa jengo la ghorofa nne hapa Dodoma, upande wa Ilazo. Nyumba ziko 16, nne kila ghorofa. Nilichaguliwa mwezi wa tatu, sikuomba.

Shida yangu ni taarifa. Tuna grupu la WhatsApp. Leo naandika siku ya gari la taka, kesho mtu ananisimamisha ngazini kuniuliza gari la taka linapita lini. Naandika kwamba LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya pampu na taa za ngazi inakaribia kuisha, tiki za bluu zinajaa, lakini hachangii mtu mpaka pampu izime alfajiri watu wakiwa na sabuni mwilini. Katikati hapo kuna video za mahubiri, mtu anauza vitenge, mwingine anatuma maua ya "amkeni salama". Tangazo langu linazama.

Naombeni mnisaidie. Kipi bora, grupu, ubao wa matangazo pale chini kwenye ngazi, au SMS? Na tangazo lenye habari isiyopendeza mnaliandikaje lisilete taharuki? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi tafadhali. Siku hizi silali vizuri.

Kizota Boy
Dada, dawa ya LUKU ni ubao. Andika majina ya wasiochanga kwa kalamu nyekundu, weka pale wageni wanapoingilia. Jioni hiyo hiyo mtakuwa na yuniti za mwaka mzima.

Wakili wa Mtaani
Asikudanganye huyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na imeanza kutumika Mei 2023. Deni la mtu si tangazo la kubandika ngazini. Mdaiwa mwandikie barua yake, mpelekee mkononi. Kwenye ubao weka jumla tu: kinachohitajika, kilichopatikana, kilichobaki.

BintiKondoa
Mimi grupu za majengo zimenitoa imani. Dada yangu anakaa Kisasa, grupu lao lilianza na watu 12, sasa wapo 40 na hakuna anayewajua wote. Siku moja mama mmoja akarekodi voisi ya dakika saba akimsema jirani wa juu kwa kutwanga usiku, akadhani anamtumia mumewe. Jengo zima likasikia. Mpaka leo hawasalimiani, na kinu bado kinalia. Nashauri SMS.

Mzee wa Jamatini
Grupu libaki, ila admini lifunge, aandike katibu peke yake. Porojo zifunguliwe grupu la pili. Sisi tumefanya hivyo na tunaishi vizuri. Tangazo liwe fupi: nini, lini, saa ngapi, apigiwe nani. Basi.

Mgogo Halisi
Mbukwenyi. Nyie vijana mnahangaika na simu. Mimi nimekulia Area C, enzi CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ndiyo inagawa viwanja, kabla haijavunjwa 2017. Taarifa ilikuwa inapita kwa balozi wa nyumba kumi. Mzee wetu alikuwa anapita na fimbo yake mlango hadi mlango, anabisha hodi, anaingia, anakaa, anasema: "Kesho maji hayatoki, jazeni mapipa." Hakuondoka mpaka umrudie alichosema. Hakuna aliyewahi kudai hakusikia. Hata sisi watoto tulikuwa tunatumwa kurudia.

Katibu_Ilazo
Asanteni wakuu. Mzee wa Jamatini, nimekuelewa, nitalifunga grupu. Kuhusu ile habari isiyopendeza naona bado hamjanijibu.

Shangazi Mpwapwa
Mdogo wangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya gari la taka. Hiyo habari isiyopendeza ni ipi? Na Jumamosi kuna nini?

Katibu_Ilazo
Shangazi shikamoo. Ni mambo ya kawaida ya usafi tu. Jumamosi kuna mkutano wa wenye nyumba, wengi wanakuja na treni kutoka Dar. Nitasoma taarifa ya katibu, ndani yake kuna kipengele cha usafi wa tenki la maji. Sitaki watu wakielewe vibaya.

Fundi Bomba Chang'ombe
Usafi wa tenki unaeleweka vibaya namna gani? Mimi nasafisha matenki kila wiki, sijaona mtu akikimbia nyumba kwa kusikia tenki limesafishwa. Mlikuta nini ndani?

Kizota Boy
Hapo sasa. Natafuta kiti nikae.

Katibu_Ilazo
Wakuu, nilitaka niliache hili. Jumamosi iliyopita mlinzi alipanda juu kuangalia kwa nini maji yana harufu. Akakuta njiwa watatu wamefia kwenye tenki. Mfuniko ulikuwa umepasuka, na mnaujua upepo wa huku ukianza mwezi wa nane. Jumapili tulimwaga maji yote, tukasugua, tukatia dawa, tukajaza upya. Kwenye grupu niliandika kwamba maji yamekatika, yatarudi jioni. Mwenyekiti ndiye alinishauri hivyo. Ana nyumba mbili pale, anasema vikao vya Bunge vikikaribia ndipo wapangaji wazuri wanatafuta nyumba, habari kama hii itashusha bei ya jengo zima.

Naombeni msinihukumu. Tenki sasa ni safi. Kuna faida gani kuwatia watu kinyaa kwa kitu ambacho kimeshaondolewa? Kwenye taarifa yangu nimeandika "usafi wa kawaida wa tenki umefanyika". Si uongo, usafi umefanyika kweli.

Shangazi Mpwapwa
Mwanangu. Neno "kawaida" hapo ndilo la uongo.

BintiKondoa
Jamani njiwa. Nimesukuma glasi ya maji pembeni.

Mzee wa Jamatini
Mimi ningenyamaza. Kwenye jengo letu mwaka juzi fundi aliangusha kopo la rangi kwenye tenki, tukanyamaza, hakufa mtu. Ukiwaambia watu kila kitu hutaongoza hata wiki.

Fundi Bomba Chang'ombe
Mzee, rangi na mzoga si kitu kimoja. Dada nisikilize, hapa naongea kama fundi. Tenki mlilisafisha vizuri, nakubali. Lakini sisi wa Dodoma tunaishi kwa mgao. Kila nyumba ina pipa, ndoo tatu na madumu jikoni. Maji ya Ijumaa na Jumamosi hayakuisha kwa sababu ninyi mmemwaga ya juu. Yako kwenye ndoo za watu mpaka leo Jumatano. Kuna mtu anajazia mapya juu ya yale yale. Kwa hiyo usiseme kimeondolewa. Mmekiondoa juu ya paa, jikoni kipo.

Na mabomba ya ukutani mlifungulia maji yakapita yote? Dawa mlipima au mlimwaga kwa macho?

Katibu_Ilazo
Dawa alitia mlinzi. Sijui kiasi. Mabomba sikufikiria.

Hilo la ndoo sikulifikiria kabisa.

Wakili wa Mtaani
Nami niongeze. Kwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, mtu anamiliki nyumba yake, lakini ngazi, paa na vitu vya pamoja kama tenki hilo ni mali ya wenye nyumba wote kwa pamoja. Mwenyekiti akiwa na nyumba mbili ana haki ya nyumba mbili. Hana mamlaka ya kuamua wenzake wasijue kilichotokea kwenye mali yao. Mkutano wa Jumamosi ndio mahali pake, na mihutasari inawekwa. Ukisoma "kawaida" na ikaandikwa, jina litakalobaki kwenye karatasi ni lako.

Shangazi Mpwapwa
Wakili, sawa, lakini wenye nyumba wako Dar. Wanaokunywa maji ni nani? Katibu, wapangaji wapo kwenye hilo grupu?

Katibu_Ilazo
Grupu ni la wenye nyumba. Wapangaji hupewa taarifa na wenye nyumba wao.

BintiKondoa
Yaani mtu yuko Mbezi ndiye anapata tangazo la maji ya Ilazo, halafu amfowadie aliye Ilazo. Akikumbuka.

Katibu_Ilazo
Ndivyo nilivyokuta utaratibu. Leo asubuhi nimeanza kuandika barua, nimeprinti nakala 22, lakini sijaamua kama nitazigawa. Nafikiri nisubiri mkutano kwanza.

Mpiga Ramli
Samahani wadau, naona mnapoteza muda, hii ni chai. Juu kabisa kaandika nyumba 16, sasa barua 22. Akaunti yenyewe kafungua leo. Kila akibanwa anaongeza kipande: mara harufu, mara njiwa, mara mwenyekiti na Bunge. Mtu anatunga hadithi na sisi tunamchocheza. Kesho atatuambia kumbe mlinzi ni kaka yake aliyepotea.

Kizota Boy
Chai ya maziwa, na sukari imezidi. Mimi nilishaanza kuihurumia.

Mgogo Halisi
Hata kama ni chai, tenki lenye mfuniko mbovu si hadithi. Wangapi humu mmepanda kuangalia la kwenu mwaka huu?

Mpiga Ramli
Mzee tusikimbie swali. 16 au 22?

Katibu_Ilazo
Nyumba ni 16. Kaya ni 22. Nyumba namba 3 na namba 12 wenye nyumba wamezigawa, wanapangisha chumba chumba, vyumba vinne kila nyumba, wengi ni vijana walioajiriwa juzi wanaokwenda Mtumba, mji wa serikali, kwa basi la asubuhi. Hesabu mwenyewe. Mimi pia nimewahesabu juzi kwa mara ya kwanza, miezi yote hii nilikuwa nagawa mchango wa pampu kwa 16. Akaunti nimefungua leo kwa sababu ile ya zamani shemeji yangu anaijua, naye anakaa jengo hilo hilo.

Nikitunga ningejipa sehemu nzuri zaidi. Hamjui kilichobaki. Mlinzi aliniambia mfuniko umepasuka tangu mwezi wa nane, mwanzoni. Alikuja mpaka mlangoni. Nikamwambia nitaliweka kwenye grupu tuchange, sikuliweka, kwa sababu wiki ile nilikuwa nimeshawaudhi kwa LUKU na sikutaka kuomba hela tena. Na jana mama wa namba 9 kanikuta ngazini amembeba mtoto, wanatoka kituo cha afya, mtoto anaharisha siku ya tatu. Akaniuliza, "Dada, haya maji yetu hayana shida?" Nikamjibu hayana.

Ndiyo maana silali.

Mpiga Ramli
Hesabu imekubali. 14 na 8 ni 22. Samahani dada.

Shangazi Mpwapwa
Usisubiri Jumamosi. Usisubiri hata kesho. Huyo mama akirudi kituo cha afya akaulizwa mtoto anakunywa maji gani, atajibu kwa kutumia jibu lako. Mpe jibu la kweli akalirudishe kwa daktari.

Mimi nilikuwa Dar kipindupindu kilipoanza 2015. Mtaani kwetu mwenye kisima alijua maji yake yamebadilika na akaendelea kuuza ndoo, aliogopa kupoteza wateja. Nilibeba mtoto wa jirani kwa bajaji usiku. Alipona, lakini mama yake hakurudi tena kuongea na yule mwenye kisima, na mimi nilimwelewa.

Katibu_Ilazo
Mwenyekiti atasema nimemzunguka.

Wakili wa Mtaani
Mpigie sasa hivi umwarifu kwamba unatangaza. Mwarifu, usimwombe ruhusa. Tofauti hiyo ni muhimu.

Fundi Bomba Chang'ombe
Andika kwa lugha ya jikoni, dada. Maji yaliyochotwa kabla ya Jumapili jioni yamwagwe, hata kama yanauma kumwaga. Ndoo na madumu zisuguliwe kwa sabuni. Kila bomba lifunguliwe lipite maji mpaka harufu iishe. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, hadi majibu ya maabara yatoke. Sampuli ipelekwe kwa mamlaka ya maji, usipime kwa kuonja. Anayeharisha aende hospitali aseme kuhusu tenki.

Na usiishie kwa mwenye nyumba wala mpangaji. Mchana wanaobaki na hizo ndoo ni dada wa kazi. Barua ikiwekwa juu ya friji yeye ataendelea kuchota. Ongea naye yeye.

Mgogo Halisi
Na akurudie ulichosema.

Katibu_Ilazo
Nimempigia mwenyekiti. Amekata simu kabla sijamaliza. Nimefuta barua zile 22, nimeandika upya kama ifuatavyo, naombeni mnisahihishe haraka, stationari inafunga saa mbili:

"Ndugu wakazi. Jumamosi tulikuta njiwa watatu wamekufa ndani ya tenki la juu. Mfuniko ulikuwa umepasuka tangu mwezi wa nane na mimi katibu nilijua, sikuwaambia. Jumapili niliandika kwamba maji yamekatika, haikuwa kweli, tulikuwa tunaosha tenki. Tafadhali mwageni maji yote mliyochota kabla ya Jumapili jioni, osheni vyombo, na chemsheni maji ya kunywa mpaka niwaletee majibu ya maabara. Mwenye mgonjwa wa tumbo anijulishe, usiku au mchana. Nitapita kila mlango leo."

Shangazi Mpwapwa
Usibadilishe neno. Nenda.

Wakili wa Mtaani
Ongeza namba ya mlango wako chini. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao, na picha yake uiweke kwenye grupu la wenye nyumba ili Jumamosi asiwepo wa kusema amesikia leo.

BintiKondoa
Tuletee mrejesho dada. Mimi nimepanda juu kuangalia tenki letu. Mfuniko upo, ila juu yake wamelaza tofali.

Katibu_Ilazo
Nimeanzia namba 9. Amenisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Aliposikia habari ya ndoo akaingia ndani, nikasikia maji yanamwagwa bafuni. Kisha akarudi akachukua barua mbili, moja ya kwenda nayo kituo cha afya. Hajaniambia neno. Sasa naenda namba 10, kuna dada wa kazi peke yake, mabosi wako safarini.

Fundi Bomba Chang'ombe
Ukimaliza ghorofa ya juu, pima kipenyo cha mdomo wa tenki kwa kamba, unitumie inboksi. Kesho naamkia soko la Sabasaba, nitakutafutia mfuniko wa kufunga kwa bolti.