PMOS yenye L ya mikrometa 200: nikunje au nikate vipande?

poli_nyekundu: Wakuu, habari za jioni. Niko SKY130 (teknolojia huria ya kutengeneza chipu), nachora kwa Magic (programu ya kuchorea chipu). Saketi yangu ya bayasi (inayopangia saketi nyingine mkondo) inataka PMOS (aina ya transista) ya kuvuta nodi juu wakati wa kuwaka: W (upana) 1, L (urefu) 200, zote mikrometa, geti imefungwa ardhini. Kwenye simulesheni inanipa karibu megaomu 4, safi. Shida ni kwamba nafasi niliyopewa ina upana wa mikrometa 160, ikinyooka haiingii. Nikaizungusha difusheni (ukanda wa silikoni unaopitisha mkondo) kama nyoka, kona nane, nikaifunika yote kwa poli (tabaka la geti). Sasa LVS (ukaguzi wa kulinganisha mchoro na skematiki) inagoma: skematiki inasema 200, mchoro 194. Nimepima mstari wa katikati mara tatu, ni 200. Nani mwongo?

fundi_dreni: Mdogo wangu, hapo hakuna mwongo. Kwenye kona mkondo haufuati katikati ya njia, unachepuka kwa ndani kama bodaboda. Urefu tunauhesabu kwa miraba yenye upana wa njia, kwako mraba mmoja ni mikrometa 1. Mraba wa kona uhesabu 0.56, si 1. Kona nane zimekula miraba 3.5, kwa hiyo una kama 196.5. Hiyo 194 ni programu inabahatisha tu, umbo lililopinda linaisumbua.

Mimi chipu yangu ya kwanza nilibadilisha namba kwenye skematiki mpaka LVS ikanyamaza. Mkondo uliotoka maabara sikuutambua. Usinifuate.

Kata vipande. PMOS 20 za W 1, L 10, mfululizo, geti zote pamoja. Panga safu mbili za kumi kumi; kila safu haifiki mikrometa 105. Ndani ya safu usiweke kontakti (kiungo cha kwenda kwenye metali) yoyote: ukanda mmoja wa difusheni, juu yake poli kumi zilizoachana 0.21, basi. Metali unaihitaji kuvuka kutoka safu hadi safu tu. Zote zikae kisima kimoja cha N (eneo la silikoni ambamo PMOS hujengwa), zielekee upande mmoja.

Na kwenye skematiki chora 20 vilevile, usiandike moja ya 200. Kizingiti (volti ya kuwashia transista) cha L 10 si lazima kiwe sawa na cha L 200, kwa hiyo simulesheni iendeshe kwa kile utakachokijenga.

mzee_wa_omu: Kwa nini asiweke rezista ya poli ya omu 2000 kwa mraba?

fundi_dreni: Mzee, shikamoo. Megaomu 4 ni miraba 2000. Kwa upana wa 0.35 hiyo ni mikrometa 700 za nyoka mwingine. Ila ingekuwa megaomu moja, ningekuunga mkono bila ubishi.

poli_nyekundu: Nimechora upya usiku huu. Mara ya kwanza ikagoma tena, kumbe nilisahau kukifunga kisima kwenye VDD (umeme chanya) 🙈. Sasa imelingana, vipande 20 kwa 20. Megaomu zimesogea hadi 3.7, naziacha hivyohivyo.