Wanafunzi wanafaulu mada ya matetemeko ya ardhi, lakini hawajui la kufanya: naomba ushauri

Mwalimu_Kagera:
Salaam kwenu. Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya bweni mkoani Kagera. Wanafunzi wangu wanachora kitovu cha tetemeko na kueleza jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea bila kubabaika. Hivi karibuni nilifunga kitabu nikawauliza kila mmoja angefanya nini iwapo ardhi ingetikisika dakika ile. Karibu wote walisema wangekimbilia mlangoni, nao ni mmoja tu, tena unafungukia ndani. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 wanalijua kwa kusimuliwa tu. Mkuu wa shule ameniruhusu kuandaa mazoezi, mradi nisivuruge ratiba ya vipindi. Nianzie wapi?

Mkazi_wa_Bukoba:
Mwalimu, tetemeko lile lenye ukubwa wa 5.9 lilitokea Jumamosi alasiri, wakati shule nyingi za kutwa zilikuwa tupu, na naamini hilo lilituepusha na msiba mkubwa zaidi. Hata hivyo, shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa kwa muda. Kuta za matofali zisizo na nondo ndizo za kuogopwa, kwa sababu anayetoka mbio wakati mtikisiko unaendelea hupita chini yake. Wafundishe kuingia chini ya dawati, kukinga kichwa na kushikilia mguu wa dawati. Mtikisiko ukikoma watoke kwa utaratibu, na asirudi mtu kufuata madaftari, maana mitetemeko mingine huweza kufuata.

Binti_wa_Geita:
Naunga mkono, ila usiisahau radi, ambayo huku Kanda ya Ziwa tunaiona kila msimu wa mvua. Januari 2025 wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, walifariki dunia kwa radi. Kanuni yake haihitaji kipindi kizima: ngurumo ikisikika chini ya sekunde 30 baada ya mwanga, michezo isimame, na watu wasirudi uwanjani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Uliza pia kama majengo yenu yana mtego wa radi.

Mkufunzi:
Mimi ningeanza na walimu. Huko Japani, tarehe 11 Machi 2011, wanafunzi wa Shule ya Msingi Okawa walitoka madarasani salama baada ya tetemeko, lakini walikaa uwanjani kwa takribani dakika 50 bila kupelekwa mahali pa juu, ingawa palikuwa na kilima nyuma ya shule. Tsunami ikaua wanafunzi 74 na walimu 10. Mjini Kamaishi, ambako wanafunzi walikuwa wamezoezwa kukimbilia mahali pa juu mara moja, karibu wote, wapatao 3,000, walinusurika. Kwa hiyo amueni mapema nani atagonga kengele ikiwa mwalimu wa zamu hayupo, mlio wake utatofautianaje na wa vipindi, na watu watakusanyika wapi, mbali na kuta na nguzo za umeme.

Mwalimu_Kagera:
Nashukuru sana. Nitalipeleka kwanza kwenye kikao cha walimu, kisha zoezi lifanyike baada ya paredi ya asubuhi. Kuna jambo moja linalonisumbua: bweni la wasichana hufungwa kwa kufuli usiku, na madirisha yana nondo.

Matroni_Mstaafu:
Mwanangu, hilo ndilo ningelianza kabla ya mengine yote. Kufuli liondolewe, liwekwe komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na ulinzi dhidi ya wavamizi ubaki kazi ya uzio na mlinzi. Mkuu wa shule hawezi kulimaliza peke yake, kwa hiyo lifike kwenye bodi ya shule. Angalau dirisha moja la kila bweni liwe na nondo zinazofunguka. Ukishapata hayo, fanyeni zoezi la usiku, lakini la kwanza litangazwe mapema, kwa sababu wanaolala vitanda vya juu wakishtuliwa gizani wataruka na kuumia kabla hawajaufikia mlango.