Mrejesho: Uvimbe wa mzee juu ya kitovu

Habari zenu wakuu. Niliuliza kuhusu baba yangu, aliyetolewa tezi dume kwa upasuaji wa roboti kule India, kisha kikatokea kivimbe juu ya kitovu. Nawashukuru sana mliosisitiza aonwe na daktari wa upasuaji, maana nyumbani walishataka kumkanda.

Ni ngiri ya kovu, yaani vitu vya ndani ya tumbo vinachomoza kupitia kovu la upasuaji. Daktari aliweka vidole juu ya kovu, akamwambia akohoe. Kivimbe kikasukuma vidole, mzee alipotulia kikarudi ndani. Siti skani (CT scan, picha ya ndani ya mwili) ikathibitisha. Kumbe matundu ya mikono ya roboti ni madogo, kama milimita 8, ila tezi yenyewe hutolewa kwa kupanua tundu moja, mara nyingi karibu na kitovu. Misuli ya pale isipounga vizuri, mafuta ya tumboni au utumbo hupenya. Kikohozi chake cha muda mrefu na kujikamua chooni vilizidisha tatizo.

Mwezi ujao atafanyiwa upasuaji awekewe wavu wa kuimarisha misuli ya pale. Kwa sasa hanyanyui hata ndoo. Kivimbe kikigoma kurudi, kikawa kigumu na kuuma, au akitapika, tumeambiwa tusisubiri asubuhi, twende hospitali usiku huohuo.