Hilux ya kabureta: nikarabati 22R, nitafute 22R-E, au nihamie 3RZ-FE?

Msafirishaji wa Molo

Wanajukwaa, habari za leo. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya themanini, yenye injini ya 22R ya kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), ambayo hubeba viazi kutoka Molo hadi soko la Kibuye, Kisumu. Chesisi ni imara na bodi haijaoza, lakini injini imechoka. Inakula oili, na kila ikisetiwa vizuri huku Molo, ikishuka Kisumu injini inatoa mlio wa kugonga ndani na kupata joto. Mafundi wamenipa njia tatu: kuikarabati hii iliyopo, kutafuta 22R-E yenye injekta (vipulizio vya petroli vinavyoongozwa na kompyuta), au kuweka 3RZ-FE, nayo ya injekta, iliyotoka kwenye Prado ya Japani. Bei nimeziulizia tayari. Ninachoomba ni ulinganisho wa kazi yenyewe.

Fundi wa Kondele

Ndugu Msafirishaji, nianze na hilo la kugonga, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Molo iko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kisumu ni mita 1,130 hivi. Kabureta hutoa petroli kwa kufuata mvuto wa hewa inayopita kooni mwake, wala haina namna ya kujua kwamba hewa hiyo imekuwa nzito zaidi; kwa hiyo jeti, yaani tundu la kupitishia petroli, iliyopunguzwa ili ifae Molo hutoa petroli kidogo mno Kisumu, na joto ndani ya silinda linapanda. Ukiiseti Kisumu, ukirudi Molo plagi zinakuwa nyeusi na moshi unatoka. Injini ya injekta hupima hewa inayoingia, na sensa ya oksijeni kwenye eksosi hurekebisha kinachobaki, hivyo safari yako yote inakwenda kwa mchanganyiko unaofaa. Hata hivyo usidanganyike: injini yoyote isiyo na tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban robo ya nguvu zake ikifika kimo cha Timboroa, iwe ya kabureta au ya injekta.

Sasa chaguo zenyewe. 22R-E ndiyo rahisi kuifunga, kwa kuwa bloku ni ile ile ya sentimita za ujazo 2,366, na maunti (vishikizo vya injini) na giaboksi yako vinabaki. Ubaya wake ni kwamba ilienea zaidi Marekani na uzalishaji wake ulikoma katikati ya miaka ya tisini, kwa hiyo kipimahewa chake kikiharibika utakisaka kwa muda mrefu. 3RZ-FE ina ujazo wa 2,693 na vali 16, na vipuri vyake ni vya kawaida hapa kwetu, lakini maunti zitachomelewa upya, giaboksi yako haitashikana nayo, na urefu wa propela shafti utabadilika. Ningechagua 3RZ, kwa sharti moja: nunua nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, ikiwa na kompyuta ya injini, waya wote, rejeta na giaboksi ya mkono kutoka gari hilo hilo. Prado nyingi za Japani ni otomatiki, na kompyuta yake mara nyingi huendesha giaboksi pia. Ukiifunga kwenye gari la gia za mkono, itaendelea kuulizia ishara ambazo hazipo.

Umeme wa Magari, Nakuru

Naunga mkono, na ninaongeza kwamba kinachokwamisha kazi hizi ni waya na tangi kuliko injini. Usimruhusu mtu akate waya pale kwenye soketi ya kompyuta ili aunganishe kwa kusokota na selotepu. Waya wote utandazwe mezani, kila soketi ibandikwe jina, na visivyohitajika vitolewe kimoja kimoja hadi zibaki njia chache zinazoingia kwenye gari la zamani: umeme wa kudumu wa batri, umeme wa swichi, ishara ya stata, taa ya kuonya injini, na ardhi, yaani waya wa hasi, inayofungwa moja kwa moja kwenye bloku. Ardhi dhaifu iliyofungwa juu ya rangi huleta hitilafu ambazo mtu atabadilisha sensa zote bila kuzimaliza.

Pampu ya kabureta hutoa shinikizo la psi 3 hadi 5 tu, ilhali injekta zinataka takriban 40. Mipira ya zamani haihimili hilo; nunua ya injekta pamoja na klempu zake. Tangi lishushwe na kuoshwa, kwa sababu kutu ambayo kabureta ilikuwa ikiivumilia itaziba chujio na kuua pampu mpya. Tena, tangi la zamani halikuundwa kuhifadhi petroli karibu na pampu. Ukipanda mlima na tangi likiwa karibu tupu, petroli hukimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, na injini inazima papo hapo, maana haina bakuli la kabureta la kuiziba nafasi hiyo. Weka kitangi kidogo cha akiba kabla ya pampu kuu.

Mama Pikapu, Kakamega

Mimi naitetea 22R. Ikifanyiwa ovahoo kamili, na jeti ikachaguliwa kwa ajili ya Kisumu, itakuwa nzito kidogo Molo lakini haitaungua. Ikiharibika Londiani usiku, fundi yeyote mwenye bisibisi ataiamsha.

Fundi wa Kondele

Dada, hoja hiyo ni ya haki, na kwa pikapu inayozunguka Kakamega pekee ningekubaliana nawe bila ubishi. Huyu mwenzetu anashuka na kupanda zaidi ya mita 1,300 kila safari akiwa na mzigo.

Dereva wa Ahero

Mambo mawili. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku (hati ya usajili wa gari), kwa hiyo isome kwenye bloku kabla ya kulipa, dai risiti na hati za kuingizwa nchini, kisha badiliko lisajiliwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, na bima ijulishwe. Pili, kompyuta ifungwe ndani ya kabini, juu, nyuma ya dashibodi. Huku Nyando maji ya mafuriko huvuka barabara.

Msafirishaji wa Molo

Nawashukuru nyote. Nimeelewa kwamba nitafute 3RZ ya gia za mkono, na tangi nitalishusha wiki hii kabla sijanunua chochote. Limebaki swali la breki: je, hizi za sasa zitatosha kwenye mteremko wa Kericho, injini ikiwa na nguvu zaidi?

Fundi wa Kondele

Mzigo ukibaki ule ule, nguvu ya injini haiongezi kazi ya breki mteremkoni. Kinachoiongeza ni mwendo. Badilisha pedi, kagua silinda za nyuma kama zinavuja, na ushuke kwa gia ya tatu. Ukianza kuongeza magunia kwa sababu injini inayaweza, hapo tutazungumza habari ya breki kubwa zaidi.