Alama ya & inakata maneno kwenye linki, nifanyeje?

Wakuu naombeni msaada, nina boksi la kutafuta, mtu akiandika "baba & mama" linki inakuwa ?q=baba & mama halafu seva inapokea "baba" tu, huyo mama hafiki kabisa. Nimeweka encodeURI (fankisheni ya JavaScript ya kugeuza alama kuwa kodi za %) lakini wapi.

Jibu: Mkuu encodeURI haigusi & wala ? wala #, yenyewe inajua umeipa linki nzima na hizo ni alama za kutenganisha vipande vyake. Tumia encodeURIComponent kwenye yale maneno peke yake, utapata baba%20%26%20mama. Ila usiipe linki nzima, itageuza mpaka :// na linki haitafunguka.

Jibu: Naongezea, tafadhali sana usienkodi mara mbili, maana % yenyewe inageuka %25, kwa hiyo %20 (yaani nafasi) inakuwa %2520, hiyo ilinimalizia siku nzima natafuta kosa kwenye databesi kumbe halipo huko. Na namba ya simu inayoanza na + iandike %2B, la sivyo seva nyingi zinaisoma kama nafasi.

Muulizaji: Imekubali! Asanteni sana. Na herufi kama é je?

Jibu: Hiyo inapita UTF-8 (mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti) kwanza, inatoka %C3%A9, encodeURIComponent ileile inamaliza.