Mjadala: Je, ilikuwa haki kuliondoa jina la rubani Werner Mölders katika kikosi cha anga cha Ujerumani?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa,

Mnamo Januari 2005 Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Peter Struck, aliagiza jina la rubani Werner Mölders liondolewe katika kikosi cha ndege za kivita namba 74 chenye makao yake mjini Neuburg, kando ya mto Danube, ambacho kilikuwa kimelibeba jina hilo tangu 1973. Agizo lilitokana na azimio la Bunge la Aprili 1998, lililotaka askari wa Kikosi cha Condor, yaani Wajerumani waliotumwa Uhispania kumpigania Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, wasiendelee kuenziwa na jeshi. Maofisa wengi, hasa wastaafu, walipinga kwa uchungu, na ubishi huo haujazimika hadi leo. Msimamo wangu ni kwamba jina lilistahili kuondolewa, ila sababu iliyotangulizwa ilikuwa dhaifu kuliko ile iliyokuwepo.

Tuanze na mtu mwenyewe, kwa kuwa wengi humhukumu bila kumjua. Mölders alizaliwa Gelsenkirchen tarehe 18 Machi 1913, na kabla hajatimiza miaka miwili baba yake, aliyekuwa mwalimu, aliuawa vitani Ufaransa. Alilelewa na mama yake huko Brandenburg katika imani ya Kikatoliki, ambayo hakuiacha. Alipotaka kuwa rubani, madaktari walimkataa kwa sababu ya kichefuchefu na kizunguzungu, naye akaendelea kujizoeza huku akitapika, mpaka mwili ukatii.

Alifika Uhispania mwaka 1938 na huko akatungua ndege 14. Jambo kubwa zaidi alilolifanya, hata hivyo, si kutungua ndege bali kubadilisha namna ya kuruka. Wakati ule ndege za kivita ziliruka tatu tatu zikiwa zimebanana, hivi kwamba marubani wawili wa pembeni walitumia muda mwingi kuchunga wasimgonge kiongozi wao badala ya kumtafuta adui. Mölders na wenzake walizipanga nne katika jozi mbili, kwa nafasi pana, kila mmoja akimlinda mwenzake, mfano wa ncha za vidole vinne vilivyonyooshwa. Waingereza wenyewe, baada ya kupoteza vijana wengi mwaka 1940, waliuiga mpangilio huo, na majeshi mengine yakafuata. Nikitafakari ni marubani wangapi wa pande zote waliorudi salama kwa sababu hiyo, siwezi kuudharau uwezo wa mtu huyu.

Tarehe 5 Juni 1940 alitunguliwa Ufaransa na kutekwa, akaachiwa baada ya Ufaransa kusalimu amri. Julai 1941 akawa rubani wa kwanza katika historia kuhesabiwa ushindi 100 angani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bila kuhesabu ule wa Uhispania; Hitler akamvika nishani ya juu, naye akakatazwa kwenda tena mapiganoni na kukabidhiwa usimamizi wa marubani wote wa ndege za kivita. Tarehe 22 Novemba 1941, akiwa abiria katika ndege iliyokuwa ikimpeleka kwenye mazishi ya Jenerali Ernst Udet, alikufa ndege hiyo ilipoanguka karibu na Breslau. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Sasa nifafanue udhaifu niliousema. Azimio la Bunge lilipitishwa katika kumbukumbu ya mji wa Guernica, uliochomwa kwa mabomu ya Kikosi cha Condor tarehe 26 Aprili 1937. Mölders hakuwapo, kwani alifika Uhispania mwaka mmoja baadaye. Wanaomwandika kana kwamba aliirusha mojawapo ya ndege zile wanasema uongo, na uongo huo umewapa watetezi wake silaha bora kuliko zote walizonazo.

Sababu yenye nguvu ni nyingine. Kikosi hupewa jina la mtu ili vijana wanaoingia wapate wa kumfuata, na kanuni za jeshi la Ujerumani zilikuwa zimekwisha kutamka mwaka 1982 kwamba utawala wa dhuluma kama ule wa Kinazi hauwezi kuwa chimbuko la mapokeo ya jeshi. Tena wa kwanza kulibandika jina la Mölders juu ya kikosi cha anga hakuwa serikali ya kidemokrasia ya 1973. Alikuwa Hitler, mara tu baada ya ajali ya 1941, ili kifo cha kijana hodari kiendelee kuitumikia vita yake. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha.

Nawakaribisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kusema kweli kuhusu Guernica, lakini hitimisho lako silikubali. Askari hachagui serikali inayomtuma. Huyu hakuhukumiwa kwa kosa lolote la kivita, hakuficha Ukatoliki wake mbele ya utawala ulioyachukia makanisa, na inaelezwa kwamba alitishia kurudisha nishani zake pale Askofu von Galen alipoandamwa kwa kuhubiri dhidi ya mauaji ya wagonjwa wa akili na walemavu yaliyofanywa na Wanazi. Isitoshe, Ujerumani bado ina kambi zenye jina la Rommel, jemadari wa vita vile vile, ambaye alikuwa karibu na Hitler kuliko rubani huyu. Kwa nini mmoja abaki na mwingine afutwe? Naona marehemu asiyeweza kujitetea ameadhibiwa ili wanasiasa waonekane wasafi.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja ya Rommel inanibana na sitaikwepa. Alilazimishwa kujiua Oktoba 1944 kwa kushukiwa kuhusika na njama dhidi ya Hitler, na hilo ndilo linalomkinga mpaka leo. Lakini kipimo kikiwa kile cha 1982, kambi zake nazo zinapaswa kujadiliwa. Ukosefu wa uthabiti upande mmoja haulirudishi jina upande mwingine.

Kuhusu Askofu von Galen, hakuna hati iliyothibitisha kwamba Mölders alitoa tishio hilo. Barua iliyomfanya aonekane Mkatoliki mpinzani, iliyosambaa Ujerumani nzima mwanzoni mwa 1942 na kusomwa hata makanisani, haikuandikwa naye. Ilitungwa na Waingereza na kudondoshwa kutoka angani ili kuwatia Wajerumani mashaka, na Sefton Delmer, aliyeongoza propaganda hizo, alikiri baada ya vita. Waumini waliinakili kwa mkono wakihatarisha maisha yao, na ushujaa wao nauheshimu sana. Ushujaa huo lakini ni wao, haukuwa wa rubani aliyekwisha kufa.

Unasema ameadhibiwa. Kaburi lake bado lipo, vitabu vinavyomweleza vinasomwa, na manowari iliyoitwa kwa jina lake, iliyostaafishwa mwaka 2003, imewekwa kuwa makumbusho Wilhelmshaven, ambako yeyote anaweza kupanda na kulisoma jina ubavuni. Kilichoondolewa ni heshima ambayo taifa humpa mtu kwa hiari na linaweza kuitwaa kwa hiari.

Nikiri pia kwamba silitazami jambo hili kama mgeni kabisa. Mjini Dar es Salaam, mahali iliposimama sanamu ya Askari tangu 1927, hapo kwanza palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, afisa wa ukoloni wa Kijerumani aliyezivunja nguvu za watu wa pwani kwa bunduki. Waingereza waliing'oa, ikapelekwa Hamburg na kusimamishwa mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Kambi kadhaa za Ujerumani nazo ziliitwa kwa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, na kila lilipotetewa ilisifiwa mbinu yake na ustahimilivu wake, huku wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi nyuma ya misafara yake wakipita bila kutajwa. Ndiyo maana nikisikia Mölders akitetewa kwa ndege alizotungua na mpangilio alioubuni, nauliza umahiri huo ulikuwa ukimfungulia nani njia, maana kiangazi cha 1941 marubani wake waliisafisha anga juu ya jeshi lililokuwa likiingia Urusi, na nyuma ya jeshi hilo ndiko walikouawa Wayahudi kwa maelfu.

Mwenye hati ya mkono wa Mölders mwenyewe, ukiondoa ile barua ya Waingereza, inayoonyesha kwamba aliliona hilo na akalikataa, na aiweke hapa. Nitaisoma neno kwa neno, na ikinishinda nitabadili msimamo mbele yenu.