MJADALA: Kanuni za 2024 tuzipokee barazani, au tubaki na za 2014?

Mpiga Dadu wa Kikwajuni
Asalaam alaykum wana baraza. Kesi hii naileta kwenu kwa sababu Ijumaa iliyopita ilibaki kidogo tushikane mashati.

Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons kwenye baraza ya nyumba ya bibi yangu, baada ya isha. Kwa asiyeujua: mmoja ni msimamizi, ndiye anayesimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Likizuka jambo la shaka linaamuliwa na dadu ya pande 20. Hakuna pesa, msije mkanitangazia kamari mtaani.

Sasa, kijana wetu mmoja ana paladini, yaani shujaa mtakatifu wa upanga, wa levo ya tano. Kasimama mbele ya zimwi, kapiga mara mbili, zote zimempata, na zote mbili anataka kuzitia pigo takatifu. Kwa kitabu cha 2014 ni haki yake: silaha ikipata, unachoma akiba yako ya uchawi, hakuna anayekuhesabia. Msimamizi kafungua kitabu cha 2024. Humo pigo takatifu limekuwa uchawi kamili, linakula kitendo cha nyongeza, na kitendo hicho kwa zamu moja ni kimoja tu. Basi pigo la pili hana. Kijana katupa karatasi yake ya mhusika, birika ya kahawa ikaenda nayo.

Mie nasema mchezo ni wa baraza, si wa kampuni inayouza vitabu. Nipigeni mawe.

Ami wa Malindi
Nyie mnalilia vitabu viwili! Mie nimeucheza nikisoma Uingereza, chapa ya pili ile, ya 1989. Kinga siku hizo ilihesabiwa kwa kushuka: 10 ni mtu aliyevaa kanzu tu, hasi 10 humgusi. Ukitaka kumpiga adui unachukua nambari yako, ikiitwa THAC0, unatoa kinga yake. Wewe una 15, yeye ana 3, basi dadu ikupe 12. Yeye akiwa na hasi 2, unatoa hasi, inakuwa 17, na hapo meza nzima imenyamaza inahesabu vidole. Mwaka 2000 chapa ya tatu ikaja ikapindua: kinga kubwa ndiyo nzuri, tupa, jumlisha, angalia umefika. Nilinuna kama nimeibiwa. Leo ukinirudisha kule, yakhe, siendi.

Bint Chake
Ami umeruka ya nyuma zaidi. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilikuwa na mpaka wa nguvu: mpiganaji binadamu akiwa mwanamume anafika 18/00 (hiyo 00 husomwa mia), mwanamke mwisho wake 18/50. Limepigwa chapa, rasmi, na jedwali lake. Chapa ya 1989 ikalifuta. Sasa hawa wa "kanuni za asili ndizo tamu" waniambie, nikija Ijumaa mtanipunguza mikono?

Lakini sipokei jambo kwa sababu ni jipya tu. Napokea moja moja.

Kitabu Kwanza
"Moja moja" ndiyo balaa lenyewe. Kila mtu atachagua inayomfaa. Mwaka 1992 makipa walikatazwa kudaka pasi ya mguu ya mwenzao. Walilia, wakazoea, na hakuna aliyekuja kutuuliza Mnazi Mmoja.

Mpiga Dadu wa Kikwajuni
Mpira tunakutana na watu wa nje, lazima kanuni iwe moja. Paladini wa Kikwajuni anakwenda kucheza na nani?

Tazama bao. Mashimo 32, kete 64, na wazee wetu hawakungoja kampuni iwauzie toleo jipya. Mgeni akikaa, mkiwa hamjaanza kunamua, mnaulizana: hapa nyumba mnaichezaje? Mkishakubaliana, mnacheza.

Na vitabu vyenyewe mara nyingine hufuata baraza. Kwa kanuni za 2014, kunywa dawa ya uhai ni kitendo kizima, yaani ukinywa hupigi. Watu wakaona mtu anakunywa kikombe kimoja huku wenzake wanakufa, meza chungu nzima zikaifanya kitendo cha nyongeza, na sisi tukiwamo. Kitabu cha 2024 kimeandika hivyo hivyo. Nani kamfuata nani?

Toleo la nne, 2008, lilipowachoma watu roho, wengi walikataa kuhama. Mwaka uliofuata kampuni nyengine, Paizo, wakatoa mchezo wao Pathfinder, imejengwa juu ya zile za toleo la tatu, wakahamia huko.

Mtu wa Wete
Bei je? Marekani kitabu ni karibu dola 50. Bado mzigo haujavuka bahari kuja Pemba.

Bint Chake
Bei si hoja, kaka. Kampuni ilitaka kubana leseni ya kutumia kanuni zake Januari 2023, wachezaji wakawaka moto, na mwezi ule ule kanuni za msingi za 2014 zikatolewa bure chini ya Creative Commons, leseni inayoruhusu kila mtu kuzitumia. Za 2024 nazo zikafuata 2025. Pakua.

Paladini Mwenyewe
Mie ndiye niliyetupa karatasi. Bibi nimeshamwomba radhi kwa birika.

Mie sigombi kitabu. Huyu mhusika nimemlea miezi minane, kila levo nikichagua kwa kujua pigo langu likoje. Mngeniambia siku ya kwanza ningechagua mwengine. Mtu habadilishiwi kanuni bao liko katikati.

Msimamizi
Hapo umesema, na kosa ni langu, ilitakiwa niulize kabla ya kufungua kitabu. Lakini mwezi uliopita ulikuwa ukiponya wenzako kwa dadu mbili za pande 8. Hiyo ni ya 2024. Ya 2014 ni moja. Nilikusikia ukinyamaza.

Paladini Mwenyewe
…Niliiona kwenye simu.

Kitabu Kwanza
Nilisema mie!

Msimamizi
Sheikh, tulia. Naweka hivi: hadithi hii tunaimaliza kwa 2014, pigo na uponyaji, vyote viwili. Dawa ya uhai inabaki ya kwetu. Hadithi mpya tutakaa kwanza, tupitie la 2024 kifungu kwa kifungu kabla mtu hajaandika jina la mhusika.

Paladini Mwenyewe
Kwa hivyo pigo la pili nilikuwa nalo?

Msimamizi
Ulikuwa nalo. Zimwi limebakiwa na pointi tisa, litakungoja Ijumaa. Njoo na karatasi nyengine, ile ya kahawa haisomeki.